Maji Yamepungua, Sasa Ni Zamu ya Makaratasi

Msimu wa vimbunga upande wa Atlantiki huanza Juni 1 na kwisha Novemba 30, na barua za wasomaji wetu walioko Marekani hufuata kalenda hiyo hiyo. Safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: serikali inasaidiaje watu wa mafuriko na dhoruba, na mbona msaada wake unapita njia ndefu hivi? Wanaojibu ni wakalimani na wahudumu wanaoketi na familia kujaza fomu za FEMA, wakala wa serikali kuu anayeshughulikia maafa. Viwango vya fedha vilivyotajwa humu vilianza Oktoba 2024. Hupitiwa upya kila Oktoba, basi ulizeni cha mwaka wenu.

Ndugu wahariri, tunaishi apatimenti ya chini hapa Houston, mimi, mume wangu na watoto watatu. Mafuriko yalituingilia usiku, maji yakafika magotini. Magodoro na makochi yananuka, na mwenye nyumba anataka tutoe kila kitu leo leo. Jirani anasema FEMA ni ya wenye nyumba zao tu, mpangaji hapewi kitu. Ni kweli? Tuanzie wapi?
*Mama wa watatu, Houston, Texas*

Pole sana mama, na poleni nyote hapo nyumbani. Jirani amekosea. Mpangaji hapewi fedha za kutengeneza jengo kwa kuwa jengo si lake, lakini anaweza kupewa za kupanga mahali pengine, za vitanda na vyombo vilivyoharibika, za gari, za matibabu yaliyotokana na maafa, hata za malezi ya watoto. Kikomo kwa viwango vya Oktoba 2024 kilikuwa dola 43,600 kwa upande wa makazi na dola 43,600 nyingine kwa mahitaji mengine. Hicho ni kikomo tu. Msipange maisha kwa hesabu hiyo, kwa sababu wengi hupata sehemu ndogo sana yake.

Kabla godoro la kwanza halijatoka mlangoni, pigeni picha. Simameni kwenye kila pembe ya chumba, ili chumba kimoja kipate picha nne. Kisha pigeni alama ya maji ukutani mkiwa mmeegesha rula au fimbo ya kupimia, ionekane maji yalifika wapi. Kisha kitu kimoja kimoja, na kwa vya umeme geuzeni nyuma mpate kibandiko chenye aina na namba ya kifaa. Kateni kipande cha zulia na cha kitambaa cha kochi, kikubwa kama kiganja, mkiweke kwenye mfuko. Andikeni orodha: kitu, mlikinunua lini, kwa kiasi gani. Baada ya hapo toeni vitu bila hofu. Wengine hukaa na magodoro mabichi wiki nzima wakimngoja mkaguzi, na huku ukungu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48, watoto wakapata kifua. FEMA haidai vitu vyenyewe viwepo. Picha na risiti zinatosha.

Halafu hakikisheni kaunti yenu imetajwa kwenye tamko la Rais kuhusu maafa hayo, na kwamba tamko linahusu msaada kwa watu binafsi, kwa sababu mengine huhusu barabara na majengo ya umma peke yake. Mtaona kwenye DisasterAssistance.gov mkiandika msimbo wa posta. Mlango wa kujiandikisha hukaa wazi siku 60 tangu tamko. Msingoje kubishiwa hodi, kwani tangu 2025 FEMA imeacha desturi ya kupita nyumba kwa nyumba kuandikisha watu. Jiandikisheni kwenye tovuti hiyo, au kwenye kituo cha misaada kinachofunguliwa karibu na eneo la maafa, au kwa simu 1-800-621-3362. Kwenye simu bonyezeni 3 kwa lugha nyingine, na karani akija semeni neno moja, “Swahili”, mkae kimya kwenye laini hadi mkalimani aingie. Hamlipi kitu. Tunawasihi msimpe mtoto kazi ya kutafsiri. Mtoto wa darasa la tano atasema “kitanda kimelowa”, na kulowa si kuharibika. Karani ataandika alichosikia.

Wekeni mezani kabla ya kupiga: namba ya soshali (Social Security) ya mtu mmoja wa kaya, anwani ya nyumba iliyoharibika na ya mahali mlipo sasa, simu inayopokewa, barua pepe, kipato cha mwaka cha kaya nzima kabla ya kodi, karatasi za bima kama ipo, na namba za benki mkitaka fedha zipite huko. Kaya moja hujaza ombi moja. Baba akijaza kazini na mama akajaza kituoni, mfumo unayashika yote mawili na kuyasimamisha, na kuyafungua ni kazi ya wiki kadhaa. Kama mnaishi na ndugu anayejitegemea na familia yake, elezeni mapema kwamba hapo kuna kaya mbili.

Sasa tufike kwenye jambo linalowagharimu watu wetu kuliko yote. Karani atauliza mnaendeleaje, mna mahitaji ya dharura, nyumba inakalika? Sisi tumelelewa kujibu “tunamshukuru Mungu, tupo”. Kwetu ni adabu, lakini kwenye fomu ni tamko kwamba hamhitaji kitu. Kuna fedha za mahitaji ya haraka, dola 770 kwa kaya kwa viwango vya Oktoba 2024, za chakula, maji, maziwa ya mtoto, dawa na mafuta ya gari, na hizo hutegemea ninyi kusema wakati wa kujiandikisha kwamba mnazihitaji. Mkiulizwa kama nyumba ni salama kukaa na ukuta umelowa, jibuni kwamba si salama, na mtaje sababu. Mkiulizwa kama mko tayari kuhama kwa muda wakati nyumba inatengenezwa, na kweli mko tayari, semeni ndiyo. Anayejibu hapana kwa kuhofia kuhamishiwa mbali anaweza kusomeka kama mtu asiyehitaji fedha za pango.

Mkimaliza mtapewa namba ya tarakimu tisa. Iandikeni ukutani, kwenye simu, na kwenye karatasi ndani ya mkoba. Mkaguzi atapiga kwa namba msiyoijua, au atatuma ujumbe. Akijaribu mara tatu hakupata mtu, ombi linalala. Kwa wiki hizo pokeeni kila simu. Siku ya ukaguzi awepo mtu mzima wa kaya, mwenye kitambulisho na uthibitisho kwamba mnaishi hapo: mkataba wa pango, bili ya umeme, hati ya mshahara, au barua ya shule ya watoto. Mkaguzi huvaa kitambulisho chenye picha, na haombi pesa, wala namba ya benki, wala ya kadi. Anayeomba ni tapeli, mfungieni mlango.

Kuhusu mwenye nyumba: msiache kulipa pango kwa uamuzi wenu wenyewe. Sheria ya Texas inasema nyumba isipokalika kabisa baada ya maafa, upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya maandishi. Ikiwa inakalika kwa sehemu, punguzo la pango hutoka kwa makubaliano ya maandishi au kwa amri ya mahakama. Anayekata pango mwenyewe hufukuzwa, na rekodi ya kufukuzwa humfuata kila anapotafuta nyumba.

Mimi ni mwanafunzi kutoka Kenya, niko North Carolina kwa viza ya masomo. Mke wangu naye hana grinikadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu. Mtoto wetu wa miaka miwili alizaliwa hapa. Mti umeangukia paa la nyumba tuliyopanga. Rafiki mmoja anasema nijaze tu kwamba mimi ni raia, hakuna atakayeuliza. Mwingine anasema nisiguse fomu, nitarudishwa nyumbani. Nimsikilize nani?
*Mwanafunzi, North Carolina*

Rafiki wa kwanza anakupeleka shimoni, ndugu yetu. Kudai uraia wa Marekani kwa uongo ili upate faida ya serikali ni kosa ambalo sheria ya uhamiaji hailisamehi kwa urahisi. Linaweza kukufungia njia ya grinikadi maisha yako yote, hata ukija kuwa na mwenzi au mtoto raia wa kukuombea. Hakuna godoro lenye thamani hiyo.

Fedha za FEMA zinaongozwa na sheria ya mwaka 1996 inayogawa wageni mafungu mawili. Wanaostahili pamoja na raia ni wenye grinikadi, wakimbizi, waliopewa hifadhi ya kisiasa, walioingizwa kwa paroli, yaani ruhusa maalumu ya muda, ya mwaka mmoja au zaidi, pamoja na baadhi ya waathirika wa usafirishaji haramu wa watu na wa ukatili wa nyumbani. Wenye viza ya masomo, ya utalii au ya kazi, na wenye hifadhi ya muda ya TPS, hawamo.

Lakini mtoto wako yumo. Mzazi anaruhusiwa kuomba kwa niaba ya mtoto wa chini ya miaka 18 aliye raia, anayeishi naye, na mwenye namba ya soshali. Unatumia namba ya mtoto. Kwenye tamko unalosaini unachagua sehemu inayosema kwamba unaomba kwa ajili ya mtoto, na hali yako mwenyewe huiandiki popote. Kuwa na cheti chake cha kuzaliwa na kadi yake ya soshali.

Rafiki wa pili naye ana sehemu ya ukweli, na hatutaifunika. FEMA iko chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani tangu 2003, wizara ile ile yenye idara za uhamiaji. Asikuambie mtu kwamba karatasi haziwezi kabisa kutoka ofisi moja kwenda nyingine. Wewe viza yako ni hai na unasoma, kwa hiyo hali yako ni tofauti na ya mtu aliyepitwa na viza au mwenye amri ya kuondoshwa. Hata hivyo zungumza kwanza na mwanasheria wa uhamiaji. Baada ya maafa mara nyingi kuna laini ya sheria ya bure; ulizia namba yake kwenye kituo cha misaada.

Jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui: ukiwa umemaliza mwaka mzima wa masomo, na maafa yamekutia kwenye shida ya fedha usiyoitarajia, unaweza kuomba kibali cha kufanya kazi nje ya chuo, hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chako ndiyo inayoanzisha ombi. Usianze kazi kabla kibali hakijafika mkononi.

Na makao ya dharura, chakula, maji, mablanketi na huduma ya kwanza ni ya kila mtu. Sheria ile ile ya 1996 imeiacha nje ya masharti ya uhamiaji misaada ya dharura ya muda mfupi isiyo ya fedha taslimu. Piga 211, simu ya kuelekezwa kwenye misaada, useme uko wapi na unahitaji nini.

Jambo sana ndugu wahariri. Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, sasa tuko Kentucky. Mto uliingia nyumbani, tukaandika FEMA. Barua imekuja, inasema hatustahili. Watu wa kanisa wanasema ikishasema hivyo imekwisha. Ni kweli imekwisha?
*Baba wa familia, Kentucky*

Haijaisha, baba. Barua hiyo hutisha kwa mstari wa juu, na watu wengi huishia hapo. Shuka hadi kwenye sababu, ndipo utakuta kwamba mara nyingi wanadai karatasi.

Ikisema hawakuweza kuthibitisha kwamba wewe ndiye wewe, kwa familia zilizopita kambini tazama majina kwanza. Kadi ya soshali ina majina mawili, hati ya ukimbizi ina matatu, mkataba wa nyumba umegeuza la mwisho likawa la kwanza. Tarehe nayo hutatiza: kambini wengi waliandikiwa kuzaliwa Januari 1, na nyumba moja ikiwa na watu wanne wa tarehe hiyo wenye jina moja la ukoo, mfumo huwachanganya. Dawa yake ni nakala ya kadi ya soshali pamoja na kitambulisho chenye picha, na maelezo mafupi kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja. Kuanzia leo andika jina lako kila mahali kama lilivyo kwenye kadi ya soshali, herufi kwa herufi.

Ikisema hawakuthibitisha kwamba uliishi hapo, tuma bili, mkataba, hati ya mshahara au barua ya shule yenye anwani ile na tarehe ya karibu, ndani ya mwaka mmoja kabla ya maafa. Ikitaja bima, tuma barua ya kampuni ya bima inayoonyesha walilipa kiasi gani au walikataa. FEMA hailipi kilicholipwa na bima, kwa hiyo hungoja kuona. Ikisema mkaguzi hakukupata, piga simu uombe tarehe nyingine. Iliyo ngumu kuliko zote ni ile inayosema uharibifu hautoshi. Hapo picha zako za alama ya maji ndizo zitakazosema, pamoja na makadirio ya fundi yenye jina lake, anwani, simu, na orodha ya kilichoharibika na bei ya kukitengeneza. Karatasi ya fundi isiyo na simu haihesabiki, kwa sababu wanaweza kutaka kumpigia.

Rufaa ina siku 60, na zinahesabiwa tangu tarehe iliyochapwa juu ya barua, hata kama ilikaa posta wiki mbili. Tangu Machi 2024 si lazima tena kuambatanisha barua ya rufaa iliyosainiwa, ushahidi wenyewe unapokelewa. Bado tunashauri muandike mistari michache kwa Kiingereza: mnapinga uamuzi wa tarehe fulani, sababu yake si sahihi, ushahidi ni huu. Juu ya kila ukurasa andika jina la mwombaji, namba ya tarakimu tisa, na namba ya maafa yenyewe, ile inayoanza na DR. Kimbunga Harvey cha Texas mwaka 2017, kwa mfano, kilikuwa DR-4332. Ukurasa usio na namba ukichomoka kwenye faili hakuna atakayejua ni wa nani. Kama kituo cha misaada bado kiko wazi, peleka huko kwa mkono, waingize kwenye mfumo mbele yako, kisha uombe risiti.

Fedha zikija, soma barua inasema ni za nini. Za pango zilipe pango. Tunza risiti miaka mitatu, kwa sababu wanaweza kukagua na kudai zirudishwe. Si mkopo, hazikatwi kodi.

Shikamooni. Mimi ni Mtanzania niliyeishi Texas miaka mingi. Maporomoko yalipotokea Katesh, ndugu walituambia unga na mablanketi vilifika upesi, na baadaye serikali ikawajengea nyumba waliopoteza zao. Huku kwenye nchi tajiri mtu aliyeporwa na maji anaambiwa ajaze fomu. Najiuliza kama ni serikali isiyo na huruma au ni mimi nisiyeelewa.
*Mzee, Dallas, Texas*

Marahaba, mzee wetu. Swali lako ni zito, na hatutalijibu kwa kuipamba serikali yoyote.

Desemba 3, 2023, tope na mawe vilipotoka Mlima Hanang vikashukia Katesh, kulikuwa na mtu aliyejua kila aliyekaa kila nyumba. Mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa akisema “huyu ni wangu, nyumba yake ilikuwa pale”, mablanketi yanatolewa. Huku hakuna mtu huyo. Hakuna ofisa anayekufahamu kwa sura, wala jirani ambaye neno lake linachukuliwa kama hati. Bili ya umeme, mkataba, barua ya shule, hizo zimeshika nafasi ya mwenyekiti. Ukielewa hivyo utaona kwa nini familia isiyo na karatasi hupata shida kuliko familia maskini yenye karatasi, na kwetu sisi hilo ni kosa la mfumo wenyewe. Mgeni aliyefika mwaka jana, anayelala kwa binamu bila jina lake kwenye mkataba, ndiye aliye hatarini zaidi, na ndiye fomu inayemwona kwa shida.

Njia yenyewe ni hii. Kaunti na jimbo hukadiria hasara, gavana anamwomba Rais, Rais anasaini tamko, ndipo FEMA inafungua mlango. Serikali kuu hubeba angalau asilimia 75 ya gharama nyingi, jimbo linabeba iliyobaki. Kasi haifanani. Harvey ilipotua pwani ya Texas Agosti 25, 2017, tamko lilisainiwa siku hiyo hiyo. Tufani ya nchi kavu ilipopiga St. Louis Mei 16, 2025, tamko lilikuja Juni 9. Katika wiki hizo tatu watu walikuwa chini ya paa zilizofunuliwa, na hakuna fomu ya kujaza hata kwa anayejua kusoma. Hapo hatuoni cha kutetea.

Ndiyo maana siku za mwanzo hubebwa na wengine: Msalaba Mwekundu, kaunti, misikiti, makanisa, na vyama vyetu. Wakati wa Harvey ukumbi wa mikutano wa George R. Brown mjini Houston ulilaza watu wapatao 10,000. Chama cha Watanzania au cha Wakongo kikiwa na orodha ya familia zake, anwani na nani ana mtoto mchanga au mgonjwa wa figo, kimeshafanya kazi ya mwenyekiti wa mtaa.

Tahadhari moja kuhusu michango. Sheria ya maafa haikubali mtu kulipwa mara mbili kwa hasara ile ile. Mkikusanya fedha na kuandika “za kumlipia pango”, FEMA inaweza kuzihesabu na kumpunguzia za pango. Kama ni pole na msaada wa jumla kwa familia, andikeni hivyo tangu mwanzo, na iwe kweli.

Umeme ukikatika siku nyingi wakati wa baridi, je, naweza kuingiza jiko la mkaa sebuleni nikifungua dirisha kidogo? Nyumbani tulikuwa tukiota moto wa mkaa na hatukudhurika.
*Dada wa Fort Worth, Texas*

Hapana dada, hata dirisha likiwa wazi. Nyumba za kwetu zina matundu juu ya ukuta, na jiko mara nyingi liko uani. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo ili baridi isiingie, kwa hiyo hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, haina pa kutokea. Haina harufu, haina rangi. Mkaa uliokwisha kutoa moshi ndio unaodanganya zaidi, kwa kuwa unaonekana safi huku ukiendelea kutoa sumu. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu. Watu wawili wa nyumba moja wakizipata kwa pamoja, tokeni nje wote, pigeni 911 mkiwa nje.

Februari 2021 zaidi ya nyumba milioni 4.5 za Texas zilikosa umeme kwenye baridi kali, na hesabu ya jimbo ni vifo 246. Miongoni mwao wapo waliouawa na hewa hiyo. Usiwashe gari ndani ya gereji hata mlango ukiwa wazi. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, moshi ukielekea mbali na madirisha. Nunua kengele ya kaboni monoksaidi inayotumia betri. Kujipasha moto, kusanyikeni chumba kimoja, zibeni chini ya mlango kwa taulo, vaeni nguo juu ya nguo.

Friji isiyofunguliwa hulinda chakula saa 4. Friza iliyojaa, saa 48. Ya nusu, saa 24. Mwenye kadi ya SNAP, msaada wa serikali wa kununua chakula, ambaye chakula chake kimeharibika atoe taarifa ndani ya siku 10 aombe kufidiwa. Angalieni hapa: sheria ya Julai 2025 imewatoa kwenye SNAP wakimbizi ambao bado hawajapata grinikadi. Hilo ni la SNAP. Kwa FEMA mkimbizi bado anatajwa kati ya wanaostahili, msiyachanganye mawili haya mkakosa yote.

Tumenunua nyumba yetu ya kwanza karibu na Houston, na bima ya nyumba tunalipa kila mwezi. Je, mafuriko yamo?
*Wanandoa, Texas*

Kwa kawaida hayamo. Bima ya nyumba hulipa upepo uking’oa paa na mvua ikaingia hapo, lakini maji yanayopanda kutoka chini ni bima nyingine. Iko ya serikali, iliyoanzishwa 1968, inayolipa hadi dola 250,000 kwa jengo la makazi na hadi 100,000 kwa vitu vya ndani. Mpangaji naye anaweza kununua ya vitu peke yake. Kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa, kwa hiyo kuikimbilia kimbunga kikiwa kimeshatajwa kwenye redio ni kuchelewa. Nunueni kabla ya Mei. Na msiamini ramani peke yake: Harvey ilimwaga milimita 1,539 za mvua Nederland, Texas, na maji yakaingia nyumba nyingi zilizokuwa nje ya maeneo ya hatari.

Maji ya bomba yakitangazwa si salama, tunaweka jiki kiasi gani? Na ukungu ukutani tunautoaje?
*Msomaji, Louisiana*

Kuchemsha ndiko bora: yakianza kutokota kwa nguvu, hesabu dakika moja kamili. Kama huna moto, tumia dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato wala sabuni. Soma kibandiko. Yenye asilimia 6, weka matone 8 kwa galoni moja ya maji. Yenye asilimia 8.25, matone 6. Kwa lita moja ni matone 2 kwa zote mbili. Koroga, subiri dakika 30. Maji yawe na harufu ya klorini kwa mbali. Kama hayana, rudia kiasi kile kile, subiri dakika 15 nyingine. Maji yakiwa na tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, kisha weka mara mbili ya kiasi hicho. Maji yaliyochanganyika na mafuta ya gari au kemikali hayasafishiki kwa njia hizi, yamwage.

Ukungu kwenye sakafu ngumu, vigae na sinki: kwanza osha kwa sabuni, kisha jiki isiyozidi kikombe kimoja kwa galoni ya maji, madirisha wazi, glavu na barakoa nzito ya N95. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya usafi, hasa yenye amonia, kwa sababu hutoa gesi inayochoma mapafu. Bodi za jipsamu zilizolowa hazioshwi zikapona. Hukatwa kupita alama ya maji na kutupwa, pamoja na sufi iliyo ndani ya ukuta, na ukuta huachwa wazi hadi mbao zikauke kabisa kabla ya kufunikwa tena. Mpangaji asikate ukuta mwenyewe: mwandikie mwenye nyumba, tuma na picha, baki na nakala.